Sauti Haifiki Barabarani

Leo Jumamosi, saa kumi alasiri, ndipo Bibi aliponiita jikoni. Ninayaandika aliyoniambia kabla hayajanichanganyikia. Sikuandika mbele yake, kwa hiyo maneno mengine nimeyapanga mimi, lakini ni yake.

Kwanza niseme tulikuwa tunafanya nini. Jumatatu anakuja mgeni kutoka wilayani kufungua bomba la maji hapa kijijini. Mwenyekiti wa kijiji amenipa mimi watoto wa upande wetu niwafundishe wimbo wa kumpokea, kwa kuwa nasoma kidato cha tatu kule Korogwe na nimo kwenye kwaya ya shule. Hajui kwamba kwenye kwaya mimi husimama nyuma ya wasichana warefu. Kufundisha uani kwetu naweza. Kusimama mbele ya watu nikaanzisha wimbo siwezi, miguu inakuwa si yangu. Ndiyo maana mwanzishaji nimemweka mdogo wangu Mwajuma, wa darasa la pili. Mwajuma hana haya hata kidogo, na akiita mbuzi, mbuzi wa majirani nao wanakuja.

Jana mwenyekiti alipita, akasikiliza akiwa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, akasema wimbo ni mzuri ila sauti haifiki barabarani. Basi leo tangu asubuhi kazi yangu ilikuwa kumwambia Mwajuma aongeze. Akaongeza. Kufika mchana, kila alipoanzisha, sauti ilikatika katikati, ikarudi, ikakatika tena. Nikampa maji, nikamwambia tuanze tena. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Nikaridhika, maana ndilo jibu nililolitaka.

Hapo Bibi, mama yake mama, aliyekuwa jikoni akipukuchua mahindi, akaita jina langu. Sote nyumbani tunaijua sauti ya Bibi. Ni nzito na ina mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Siku zote nilidhani ni uzee. Akawaambia watoto waende wakacheze. Mwajuma akaambiwa aingie ndani alale, asizungumze na mtu yeyote. Mwajuma akauliza, hata na mbuzi? Bibi akasema hata na mbuzi. Mimi akanisogezea kigoda, akanitia hindi mkononi nipukuchue, ili nisikae bure.

Alichoniambia ni hiki.

Mwanangu Zuhura, iko siku moja nikisikia tu gari linanguruma kule njiani, hunirudia yote. Nilikuwa mdogo, sijamzidi Mwajuma sana. Tulikuwa tumehamia kijijini si muda mrefu. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa kwake, na mashamba yake na makaburi yake. Ikaja amri ya kukaa pamoja kando ya barabara, kijiji cha ujamaa, tukang'oa milango tukaibeba vichwani. Watu wazima walinung'unika. Mimi sikunung'unika, nakwambia kweli. Mtoto aliyezoea kucheza na ndugu zake tu, akikuta watoto wa kijiji kizima, anaona sikukuu. Tukapata na shule, na kila alfajiri mchakamchaka, tunakimbia tunaimba, na aliyekuwa akianzisha ni mimi.

Unanitazama. Ndiyo, mimi. Nilikuwa na sauti. Sijisifu, kitu usichokuwa nacho tena hakikupi majivuno. Mama alikuwa hanitumi kuwafuata watu shambani. Nasimama juu ya kichuguu naita, na wao wanarudi kula.

Kaka yangu Athumani, huyu Babu Athumani mnayemwona na mizinga yake ya nyuki, alikuwa akisoma Korogwe kama wewe. Likizo moja alirudi na mambo mapya ya kuimba, aliyofundishwa na mwalimu wao wa kwaya. Akatukusanya watoto uani. Na alijua kufundisha, usione sasa hivi hasemi. Alitulaza chali kwenye mkeka, akamwekea kila mmoja kopo tupu la maziwa juu ya tumbo, akasema vuteni pumzi kopo lipande, toeni taratibu lishuke bila kuanguka. Tulicheka mpaka makopo yakabingirika. Hakukasirika. Alisema mkicheka pia ni pumzi hiyo hiyo, angalieni tumbo linavyoruka.

Alitufundisha kuanza na mdomo uliofumbwa, ile mmmm, mpaka midomo ikawa inawasha. Kisha kuufungua mdomo viingie vidole viwili, si kama mtu anayeficha pengo. Akitoa sauti moja, sote tunaitafuta. Asiyeipata hakumcheka wala hakumwambia anyamaze. Alichuchumaa karibu naye, akaiimba polepole sikioni mwake, mara ngapi sijui, mpaka mtoto mwenyewe anatabasamu kwamba ameikuta. Siku zote hizo hatukuimba kwa nguvu hata mara moja. Na mama akawa anasimamisha mchi ili atusikilize.

Basi tukasikia mgeni mkubwa anakuja kutoka Korogwe kufungua ghala la kijiji, na watoto wampokee barabarani. Mwenyekiti wetu wa wakati ule akaja uani, akakaa, akasikiliza. Alikuwa mtu mwema, usidhani namsema vibaya. Lakini alikuwa na hofu yake. Kuna kijiji mgeni alikipita bila kushuka, na watu wa kijiji kile walichekwa muda mrefu. Akamwambia Athumani, kijana, wimbo mzuri, lakini sauti haifiki barabarani. Mgeni atapita na vioo vimefungwa, atasema hawa hawakunipokea.

Ndiyo, mwanangu. Maneno hayo hayo. Jana nilipoyasikia kutoka kwa huyu wenu wa baiskeli, mahindi yalinitoka mkononi.

Athumani alikuwa na umri kama wako. Kumjibu mwenyekiti angeanzia wapi? Siku ile ile makopo yakarudi jikoni. Akatusimamisha huku, yeye akaenda kusimama ng'ambo, mbali, akasema nataka niwasikie mpaka hapa. Tukapiga kelele. Akiinua mkono, tunaongeza. Akiinua tena, tunaongeza. Alfajiri mchakamchaka, jioni mazoezi, na katikati hapo watoto wanachezea wimbo ule ule njiani kwa sababu wanaupenda.

Mgeni akiwa bado hajafika nikaamka koo linawaka. Sikusema. Nikawa nyumbani nanong'ona, ili sauti niitunze ya mazoezi. Mama akawaambia majirani kwamba kijiji kimeniletea adabu, siku hizi hata chumvi naiomba polepole. Wakanisifu. Nikazidi kunong'ona.

Athumani peke yake alishuku. Alinisogeza pembeni akaniuliza, "Mwantumu, unaumwa?"

Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Habiba wa nyumba ya pili alikuwa amesimama karibu, na Habiba alikuwa anaujua wimbo wote. Ningesema naumwa, angeanzisha yeye. Hilo tu, hakuna jingine. Nikamwambia kaka siumwi. Akanitazama usoni, nami nikamkazia macho ili aniamini. Akaniamini.

Siku yenyewe tulipangwa barabarani tangu asubuhi, tumeoga, tumepakwa mafuta, kila mtu na tawi lake la mwarobaini. Barabara ile hukuiona ilivyokuwa. Vumbi jekundu tupu. Gari likiwa bado mbali huko, unaona wingu kwanza. Kwa hiyo mwenyekiti alikuwa na filimbi. Akiona vumbi anapuliza, sisi tunaanza, ili mgeni afike akute wimbo umekolea. Vumbi la kwanza, nikaanzisha kwa nguvu zangu zote. Likawa lori la mkonge. Vibarua waliokaa juu walitupungia mikono, na mmoja akavua kofia akaipokea heshima yetu kama waziri. Tukacheka. Filimbi ikalia tena, trekta la kijiji jirani. Ikalia tena, basi. Utingo akining'inia mlangoni akatuambia, "Ahsanteni wananchi, maendeleo yanakuja, yamekaa kiti cha nyuma." Watu wazima walicheka wakashikana mabega. Na kila mara tuliimba mpaka mwisho, maana nani ajuaye, pengine nyuma ya basi yumo mgeni.

Jua likapanda. Maji yalikuwepo lakini hakuna aliyetaka kutoka kwenye mstari. Kila filimbi, mimi. Ilikuwa kama nameza majani makavu ya mahindi. Niligeuka kumtafuta Athumani. Angenitazama wakati ule angejua, hata nisingesema. Lakini alikuwa anatazama barabara kama wengine wote.

Alasiri ikaja Landrova, yenyewe, na bendera mbele. Filimbi ikalia. Nikafungua mdomo vidole viwili kamili, kama nilivyofundishwa, nikatoa sauti, ukatoka upepo. Nikarudia. Upepo. Nilidhani ni masikio yangu yamekufa. Habiba naye akabaki ananikodolea macho, hakuanzisha. Nyuma yangu nikasikia Athumani ameanzisha mwenyewe. Wakati ule sauti yake ndiyo kwanza inabadilika, ikapanda, ikavunjika, ila watoto wakaitikia. Mgeni akashuka. Akatushika vichwa, akasema watoto wa hapa wana sauti nzuri, akaenda kufungua ghala. Ukimuuliza mtu mwingine aliyekuwepo, atakwambia siku ile mambo yalikwenda vizuri sana.

Mama alinipa tangawizi, akanipa asali, akanipeleka hospitali Korogwe, nikaambiwa ninyamaze. Nikanyamaza, safari hii kweli. Hii unayoisikia ndiyo iliyorudi, ya kuongea. Ile ya kuimba haikurudi. Nimetwanga na wenzangu maisha yangu yote, wao wanaimba, mimi natwanga. Mama yako nilimlaza kwa kumpigapiga mgongoni. Nilikuwa na nyimbo zote kichwani, za mama yangu na za bibi yangu, sina pa kuzipitishia. Alikuwa akilia, nami natikisa kichwa kwa mapigo ya wimbo ambao yeye hausikii. Hilo liliniuma kuliko ya barabarani.

Lakini sikukuita kwa ajili ya koo langu. Hilo nimeshalizoea. Nimekuita kwa ajili ya Athumani.

Alirudi shule akamwambia mwalimu wake haimbi tena. Tangu mdogo alitaka ualimu, hakuna asiyejua. Alipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu hakwenda. Akaenda kufanya kazi kwenye mkonge, upande wa Mazinde, akarudi mtu mzima, akaanza mizinga. Umewahi kumsikia akiimba, wewe? Hata harusini anajificha kwenye masufuria ya pilau, anajifanya mpishi. Na kila akirina asali, chupa ya kwanza ananiletea mimi. Anaiweka pale, anauliza hali, anakwenda zake. Sikumwomba asali hata siku moja.

Anadhani hakuniuliza vizuri. Anadhani mwalimu wa kweli angejua. Nami ninayejua kwamba aliniuliza, na kwamba nilimtazama machoni nikasema uongo kwa ajili ya Habiba, sijamwambia mpaka leo. Kila akija nasema moyoni, leo namwambia. Anaweka chupa. Nasema ahsante kaka. Anakwenda. Mwanzoni nilikuwa mtoto, nikaogopa kupigwa. Nilipokuwa mkubwa nikaona ni jambo la kitoto, litachekwa. Sasa tumezeeka nimeshindwa pa kulianzia. Neno moja dogo, na mtu ameacha kazi aliyoiweza kuliko zote. Sauti yangu ilipotea mara moja. Yake inapotea kila siku anapopita pale kwenye uzio wetu akasikia watoto wanaimba, akaongeza mwendo.

Kunyamaza kunazoeleka, Zuhura. Unaanza kwa siku moja, halafu watu wanakusifu adabu, halafu ndiyo unakuwa hivyo. Wewe nakuona. Hapo umenifuata mimi.

Basi sikia ninalokwambia. Ukifundisha mtoto kuimba, usimuulize kama anaumwa. Anayependa kuwa mbele atasema haumwi, na mwoga naye atasema haumwi. Asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni, mwambie akusimulie chochote, ndoto yake, ugomvi wake, wewe isikilize sauti, hadithi iache. Ikiwa imekwaruza, siku hiyo haimbi, hata akija nani. Waanzishe chini, midomo imefumbwa. Wakae karibu nawe wakutafute kwa masikio. Usiende kusimama mbali ukawavuta kwa kelele. Yale makopo ya tumboni ni mazuri, watoto wanayapenda, yatafute. Wakicheka waache wacheke. Na sauti isipofika barabarani, basi watu wa barabarani wasogee. Hilo mkubwa hatalijua mpaka aambiwe. Kaka yangu alilijua, akakosa wa kumshika mkono aliseme.

Na likikuuma, sema linauma. Sema siku hiyo hiyo, lingali dogo.

Bibi akaweka mkono juu ya kichwa changu, ukiwa na unga wa mahindi, akaniombea. Mungu akupanulie kifua, mwanangu. Akupe pumzi ya kusema jambo likiwa bado lina faida. Awalinde hawa wadogo na makoo yao, na siku moja akupe watoto wa kuwalaza kwa nyimbo, uwaimbie na zangu. Nikasema amina. Nilitaka kumwambia amwambie Babu Athumani. Sikusema. Nimeona niandike na hilo, kwamba sikusema.

Leo Jumapili nimemwamsha Mwajuma kabla ya chai, nikamwambia anisimulie alichoota. Aliota beberu wa jirani amevaa viatu vya mwalimu mkuu na anagawa adhabu. Ilikuwa ndoto ndefu. Mimi nilisikiliza sauti. Ilikuwa inatoka nusu, nusu inabaki. Nikamwambia kesho haanzishi, na leo haimbi. Akalia, na kilio chenyewe hakina mlio, machozi na midomo tu. Hapo niliogopa kweli. Alipopata pumzi akaninong'oneza:

"Sasa ataanzisha nani? Wewe? Wewe hata shikamoo unaisemea tumboni."

Nimekwenda kwa mwenyekiti. Nilimkuta amepindua baiskeli anatengeneza mnyororo. Nikamwamkia, hakusikia. Nikamwamkia tena. Nikamwambia watoto wataimba mara moja tu, mgeni akishashuka na kukaa, na barabarani hawataimba. Akaniuliza nani amenituma. Nikasema sijatumwa. Akauliza, na yule mwenye sauti? Nikasema koo linamuuma, nitaanzisha mimi. Alifuta grisi mikononi polepole, kidole kwa kidole, akinitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

"Wewe, binti?" akasema. "Haya. Basi itabidi viti nivisogeze mbele sana."

Wakati wa kurudi nilifumba mdomo nikaanza ule wimbo kwa mmmm, polepole, ili nitulie. Njia inapita nyuma ya nyumba ya Babu Athumani. Alikuwa amechuchumaa anaukaza mzinga kwa kamba. Nilipomkaribia nilitaka kunyamaza, kwa kumwonea huruma, nikaona hapana, nikaendelea. Hakuinua uso. Nilikuwa nimeshampita niliposikia ananisemesha.

"Mabega hayo, mjukuu wangu. Yashushe."

Nikayashusha, nikaanza upya.